Farasi 450 kwenye foleni ya Kimara

Gari lililoongezwa nguvu hutambulishwa siku hizi kwa tarakimu moja. Tangazo la kuuza Subaru ya turbo litaandika "farasi 450" kabla ya kutaja mwaka wa gari au kilomita zilizotembewa, na chini yake itabandikwa picha ya karatasi ya daino, ile mashine ya roli ambayo gari hufungwa juu yake kwa mikanda, likakanyagwa mafuta mpaka mwisho, na kompyuta ikachora nguvu inayofika kwenye matairi. Mchoro ule una mstari mrefu unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia, lakini mnunuzi husoma ncha yake ya juu tu. Kwa mtu anayeendesha gari lake kwenda kazini, ncha hiyo ndiyo sehemu ya mchoro yenye faida ndogo kuliko zote. Kwa kuishindania, wateja wengi wanalipa fedha nzito kununua gari ambalo, muda mwingi wa siku, ni dhaifu kuliko lilivyotoka kiwandani.

Dai hilo linasikika kama kichekesho mpaka mtu apige hesabu. Nguvu ya farasi ni zao la vitu viwili: toki, yaani nguvu ya injini ya kusokota, na kasi ambayo injini inazunguka. Chukua toki kwa nyutoni-mita, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, gawa kwa 7,120 hivi, utapata farasi. Sasa tuweke magari mawili ya mfano. La kwanza limefungwa turbo kubwa, linatoa farasi 450 kwenye mizunguko 7,000, lakini kwenye mizunguko 2,500 turbo bado imelala na injini inatoa nyutoni-mita 150. La pili lina turbo ndogo, haliendi zaidi ya farasi 300, ila kwenye mizunguko hiyo hiyo 2,500 tayari linatoa nyutoni-mita 300. Ukikokotoa, kwenye mizunguko 2,500 gari la farasi 450 lina farasi 53, na lile la farasi 300 lina 105. Mwenye turbo kubwa amezidiwa mara mbili na mwenye turbo ndogo, pale pale ambapo wote wawili wanaishi: kutoka kwenye taa, kupanda kilima, kuvuka tuta, kulipita lori la mchanga kabla gari la mbele halijakaribia. Ili azifikie farasi zake 450 lazima injini ilie hadi karibu na mstari mwekundu, na barabarani, kwa sheria na kwa akili timamu, nafasi hiyo hupatikana kwa sekunde chache kwa wiki, kama inapatikana.

Wajapani waliotengeneza magari haya walilijua jambo hili vizuri. Kuanzia 1989 hadi 2004 makampuni ya Japani yalikuwa na makubaliano ya hiari ya kutotangaza gari la soko la ndani lenye nguvu zaidi ya farasi 280. Baadhi ya magari, kama Nissan Skyline GT-R, yalijulikana kuzidi kiwango kilichoandikwa, na mafundi wa kule walicheka kimya kimya. Kwa kuwa tarakimu ya juu ilikuwa imefungwa, mashindano yalihamia kwingine. Toyota Supra ya injini ya 2JZ ilipewa turbo mbili zinazopokezana: ya kwanza ikiamka mapema, ya pili ikiingia injini inapokaribia mizunguko 4,000. Toleo la 1997 lilitoa nyutoni-mita 451 kwenye mizunguko 3,600 tu. Na je, anayeongeza nguvu kwenye injini hiyo hufanya nini kwanza? Huzing'oa turbo zote mbili na kufunga moja kubwa kama sufuria ya pilau. Kilele kinapanda, picha inapendeza, na kazi ya wahandisi ya kujaza upande wa kushoto wa mchoro inabaki sakafuni mwa gereji.

Atakayesema kwamba hayo ni mambo ya kiwanda, na kwamba wanaojua kasi ni watu wa mashindano, atazame Safari Rally. Colin McRae aliposhinda mashindano hayo nchini Kenya mwaka 1997 kwa Subaru Impreza, kanuni za dunia zililazimisha hewa yote ya injini ya turbo ipite kwenye tundu la milimita 34. Kwa tundu hilo magari yale yalikuwa na farasi takriban 300. Ni kweli kwamba kanuni ndiyo iliyowabana, na timu zingepewa ruhusa zingechukua zaidi. Lakini tuangalie walichofanya ndani ya kibano: kwa kuwa hewa ya mizunguko ya juu ilikuwa imezibwa, walisukuma presha ya turbo mapema na kupata toki ya kutisha katikati, kiasi ambacho magari mengi ya farasi 450 ya mitaani hayakipati mpaka injini ipige kelele. Juu ya mawe, vumbi na tope, gari lile lilihitaji nguvu inayojibu mguu wa dereva papo hapo. Barabara zetu nyingi ziko karibu zaidi na tope lile kuliko na roli za daino.

Baada ya toki kuna joto. Jaribio moja la daino huchukua sekunde kumi na kitu. Boneti iko wazi, feni kubwa inapuliza mbele, na fundi huipumzisha injini kabla ya jaribio linalofuata. Kwenye foleni ya Kimara, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni hakuna feni ya namna hiyo. Subaru nyingi za turbo zina intakula iliyolala juu ya injini, ikitegemea upepo unaoingia kwenye tundu la boneti. Gari likisimama dakika ishirini, kifaa kilichowekwa ili kupoza hewa kinageuka jiko: kinanyonya joto la injini iliyo chini yake na kuipa hewa inayoingia. Hewa ya moto ina oksijeni kidogo na huleta hatari ya mafuta kulipuka kabla ya wakati wake. Kontroli boksi ikigundua mlipuko huo, hurudisha nyuma muda wa plagi ili kuokoa pistoni, na farasi kadhaa zinatoweka. Isipogundua, kwa sababu aliyetuni alizima ulinzi ili kilele kipande, kinachotoweka ni pistoni yenyewe. Petroli nayo ina neno lake. Petroli ya daraja la juu ya Japani, kwa viwango vya huko, lazima iwe na oktani isiyopungua 96, na injini za turbo zilizopangwa kwa soko lile zilitegemea mafuta hayo. Anayetuni gari mpaka ukingoni kwa petroli nzuri ya siku moja ameuza gari lisiloweza kujaza mafuta katika mji mdogo kama Dumila.

Hata ncha yenyewe inayoshindaniwa si imara kama inavyoonekana. Daino ya roli nzito na daino ya breki ya sumaku hazitoi jibu moja kwa gari moja. Presha ya matairi, gia iliyotumika na jinsi mikanda ilivyokazwa vyote hubadilisha matokeo. Kisha inakuja kalamu: matairi yakitoa farasi 300, fundi huchukulia kwamba giaboksi na ekseli zimekula asilimia 15, na ghafla karatasi inasema 353. Nairobi kuna mtego mwingine. Jiji hilo liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kompyuta ya daino ina kanuni ya kusahihisha matokeo ili yafanane na ya pwani, na kwa kimo hicho inaweza kuongeza zaidi ya asilimia 20. Kwa injini isiyo na turbo nyongeza hiyo ina mantiki. Lakini turbo inayoongozwa kwa presha halisi huzunguka kwa nguvu zaidi na kufidia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua, kwa hiyo kompyuta inamlipa mtu deni ambalo turbo imekwisha kulilipa. Ndiyo maana Subaru ya Nairobi inaweza kuwa na farasi nyingi za karatasi, ikateremka Mombasa na kupitwa na gari lenye karatasi ya unyonge.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni mapenzi, na mapenzi hayaulizwi hesabu. Mtu ana haki ya kujenga gari la farasi 800 kama mwenzake alivyo na haki ya kufuga njiwa. Nakubali kabisa, na gari la kukimbizwa kwenye uwanja siku za Jumapili, linalobebwa na lori kwenda na kurudi, halihusiki na makala hii. Tatizo ni gari lile lile kupeleka watoto shule. Klachi ya mashindano inachosha mguu kabla ya kufika Manzese. Kamshafti kali huifanya injini ikose sailensa, ikitetemeka na kutaka kuzima kila gari linaposimama. Pistoni za kufuliwa, ambazo ni lazima kwa nguvu kubwa, hutanuka zaidi zikipata moto, hivyo huachiwa nafasi kubwa ndani ya silinda na hugongagonga kila asubuhi injini ikiwa baridi. Na turbo inayoamka ghafla katikati ya kona, mvua ikinyesha na matairi yakiwa yamechakaa, haimtambui mpenzi wa magari wala mpita njia.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba teknolojia imeondoa mgongano huu, na nguvu nyingi na upole vinaweza kukaa nyumba moja. Kweli vinaweza. Bugatti Veyron ya 2005 ilikuwa na farasi 1,001, na agizo la Ferdinand Piëch, bosi wa kundi la Volkswagen lililoimiliki Bugatti, kwa wahandisi lilikuwa kwamba gari liweze kupita kilomita 400 kwa saa na bado lifae kumpeleka mtu kwenye opera jioni. Wakafanikiwa. Lakini walihitaji injini ya lita 8, turbo 4 na rejeta 10, na matokeo yake ni nyutoni-mita 1,250 zinazokaa palepale kuanzia mizunguko 2,200 hadi 5,500. Hata pale ambapo fedha haikuwa kikwazo, kilichonunuliwa kwa gharama kubwa ni mstari mpana na baridi ya kutosha. Anayenunua turbo kubwa bila intakula, bila rejeta, bila breki na bila saa za kutuni mizunguko ya chini hanunui walichonunua wao.

Daino yenyewe haina kosa. Ni kifaa bora sana kwa kazi yake: kuonyesha mafuta yanakosekana wapi, plagi inachelewa wapi, presha inashuka wapi, na kulinganisha gari na lenyewe kabla na baada ya kazi, kwenye mashine moja, siku moja. Kwa hiyo mwenye kutaka kuongeza nguvu amwombe fundi wake mambo matatu kwa maandishi: mchoro mzima kuanzia mizunguko 2,000, matokeo ya matairi kabla ya kusahihishwa na kompyuta, na joto la hewa inayoingia kwenye injini baada ya majaribio matatu mfululizo. Mashine huyarekodi yote hayo, au inaweza kuyarekodi kwa kufunga waya mmoja wa ziada. Fundi akikataa kuyachapa, ondoka na gari lako likiwa kama lilivyokuja.