Nyumba ya Mfanyakazi Iwe Karibu na Kazi

Nyumba nyingi za chini za Kariakoo, ambamo mfanyakazi alipanga chumba na kwenda kazini kwa miguu, zimevunjwa kupisha maghorofa ya maduka. Sasa mwalimu anashawishiwa kununua kiwanja Chanika, eti ni rahisi. Urahisi gani huo? Asichomlipa mwenye kiwanja atamlipa mwenye daladala, asubuhi na jioni, mpaka astaafu.

Dawa inajulikana. Mwaka 2022 zilifunguliwa nyumba za Magomeni Kota kwa familia 644, karibu na njia ya mabasi yaendayo haraka iliyoanza kutumika mwaka 2016. Ardhi iliyo kando ya njia hiyo, toka Gerezani hadi Kimara, isiachiwe walanguzi. Njia imejengwa kwa fedha za umma. Faida yake iurudie umma.