Mtoto wa Bexhill ni raia wa nchi gani?

Filamu za distopia, zile zinazotuonyesha dunia ya kesho ikiwa imeharibika, zina tabia moja ambayo watazamaji tumeizoea kiasi cha kutoiona. Nchi ikianza kuoza, mwanamume hupewa bunduki na mwanamke hupewa mimba. Mmoja analinda mpaka au anauvunja, mwenzake anabeba kitakachokuwa taifa baada ya vumbi kutulia. Mgawanyo huo wa kazi ni hoja ya kisiasa, na hata filamu bora za aina hii, zile zinazochukia ubaguzi kwa dhati, huipitisha bila kuihoji. Ushahidi wangu ni Children of Men ya mwongozaji wa Mexico, Alfonso Cuarón, iliyotoka mwaka 2006. Nimeichagua kwa kuwa ni filamu nzuri. Ya hovyo isingethibitisha chochote.

Hadithi yake inatokea Uingereza, mwaka 2027. Kwa miaka 18 hakuna mtoto aliyezaliwa popote duniani. Nchi nyingi zimesambaratika, na Uingereza inajisifu kwa matangazo kwamba yenyewe bado imesimama, huku ikiwakamata wageni barabarani, ikiwafungia vizimbani na kuwapeleka kwenye kambi katika mji wa pwani wa Bexhill. Mabango yanawaonya raia kwamba kukwepa vipimo vya uzazi ni kosa la jinai. Katikati ya hayo anatokea Kee, msichana mkimbizi kutoka Afrika, naye ni mjamzito. Theo, mtumishi wa serikali aliyekata tamaa na kukimbilia chupa, anajikuta na jukumu la kumfikisha baharini, kwenye meli itakayomwokoa.

Filamu hiyo ilitokana na riwaya ya P. D. James ya mwaka 1992, na tofauti kati ya kitabu na filamu inasema mengi. Katika riwaya, ugumba ni wa wanaume: mbegu zao zimekufa dunia nzima. Anayepata mimba ni Julian, Mwingereza mwenyeji. Waandishi wa filamu waligeuza yote mawili. Mimba waliitoa kwa mwenyeji wakampa mkimbizi mweusi, na ugumba wakautoa kwa wanaume wakawabebesha wanawake. Chanzo cha janga hakielezwi, lakini anayelisimulia ni mkunga, Miriam, na simulizi yake ni ya mimba zilizoharibika moja baada ya nyingine, hadi alipofungua kitabu cha miadi akakuta kurasa za miezi ya mbele ni tupu. Badiliko la kwanza lilikuwa la kijasiri. Kumfanya mkimbizi asiye na kibali kuwa mama wa kesho ya Uingereza ni kuwachapa kibao wote wanaodhani taifa ni damu. Badiliko la pili halikuzua kelele kubwa kama la kwanza, nami nadhani ni kwa sababu lilitupa tulichokwisha kukizoea, kwamba taifa likikosa watoto, anayetazamwa kwanza ni mwanamke.

Mwanazuoni Nira Yuval-Davis, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu jinsia na taifa, alieleza kuwa mataifa huwatumia wanawake kama wazalishaji wa watu wake na pia kama alama ya heshima yake. Kee anatumiwa kwa yote mawili, na kila upande una mpango wake. Waasi wanaojiita Samaki wanataka mtoto awe bendera ya mapambano yao. Serikali nayo, waasi wenyewe wanaonya, haitakiri kamwe kwamba mtoto wa kwanza baada ya miaka 18 ni wa mkimbizi. Itamchukua na kumtembeza mbele ya umma mikononi mwa bibi Mwingereza mweusi wa tabaka la juu. Mtoto anahitajika, mama anaweza kubadilishwa.

Nitajibiwa kwamba kuonyesha jambo si kuliunga mkono, na kwamba filamu hii ni onyo. Ni kweli, na filamu yenyewe inajua inachokisema. Kee anapomfichulia Theo mimba yake, yumo zizini kati ya ng'ombe. Kabla ya kuvua nguo anamweleza jinsi ng'ombe hao wanavyokatwa baadhi ya chuchu ili zibaki nne, kwa sababu mashine ya kukamulia ina nafasi nne. Anauliza kwa nini isitengenezwe mashine ya kuwafaa ng'ombe. Sijui hoja iliyo wazi kuliko hiyo katika filamu za aina hii, na imetoka kinywani mwa msichana ambaye kila mtu anataka kumkata alingane na mashine yake.

Ila tazama kamera inamfuata nani baada ya hapo. Inamfuata Theo. Yanayotokea pasipo yeye hatuyaoni. Ndoa yake iliyovunjika tunaijua, mwanawe Dylan aliyekufa tunamjua, hata kicheko cha rafiki yake mzee tunakijua. Maisha ya Kee kabla ya mimba tunadokezewa tu. Kisha inafika saa ya kujifungua. Miriam, mkunga aliyesomea kazi hiyo na aliyesafiri nao kwa ajili hiyo, anaburutwa kutoka kwenye basi langoni mwa kambi. Anayezalisha ni Theo, baada ya kuosha mikono kwa pombe. Yaani hata ukunga, kazi ambayo karibu kila jamii iliwaachia wanawake, umepelekwa kwa shujaa wa kiume. Na mtoto, ambaye ni wa kike, mama yake anampa jina la Dylan, mtoto wa Theo.

Halafu kuna tukio linalotajwa kila filamu hii inapozungumzwa. Jengo la kambi linashambuliwa kwa risasi na mizinga, Theo na Kee wanashuka ngazi, mtoto analia. Wapiganaji wananyamaza. Wakazi wananyoosha mikono kugusa, wanajeshi wanapiga magoti, wengine wanafanya ishara ya msalaba, njia inafunguka. Wakishapita, kombora linalipuka na vita vinaendelea palepale vilipokuwa. Taifa limemsujudia mama kwa muda mfupi tu, bila kumpa makazi wala kibali.

Watakuja wanaosema kwamba hadithi ya ugumba haiwezi kuepuka tumbo la mwanamke, maumbile ndivyo yalivyo. Riwaya ya James iliepuka kwa sehemu kubwa, basi hoja hiyo haina miguu. Iko pia Mad Max: Fury Road ya George Miller, ya mwaka 2015, iliyopigwa zaidi katika jangwa la Namibia. Humo mtawala anawafungia wake zake wamzalie warithi, lakini na mwanamume anageuzwa mtungi wa damu wa wapiganaji, na mwenye kuendesha gari na kupanga safari ni mwanamke, Furiosa. Jina la filamu, hata hivyo, ni la Max. Mazoea hayafi haraka.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba haya ni ya Waingereza na sinema zao. Tuliangalie basi kwa sheria. Tangu mwaka 1983, kuzaliwa Uingereza hakutoshi kumpa mtu uraia. Lazima mzazi mmoja awe raia au mkazi wa kudumu. Kee hana kibali na baba wa mtoto hajulikani, kwa hiyo mtoto pekee duniani, aliyezaliwa Bexhill, kwa sheria iliyokuwapo filamu ilipotoka asingekuwa Mwingereza. Hadi huo mwaka 1983, mwanamke Mwingereza aliyejifungulia nje na mume mgeni hakuwa na haki ya kumrithisha mwanawe uraia kama mwanamume alivyokuwa nayo. Kwetu hali haikuwa tofauti. Kenya ilimpa mama haki hiyo kwa mtoto aliyezaliwa nje kupitia katiba ya mwaka 2010; kabla ya hapo ilikuwa ya baba. Tanzania, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilimwekea mke mgeni wa Mtanzania njia nyepesi ya kuomba uraia, na haikumwekea mume mgeni njia kama hiyo. Mwanamke anaombwa alizalie taifa, lakini muhuri wa kusema nani ni wa taifa ulikabidhiwa mwanamume.

Ndiyo maana naipa uzito Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, filamu fupi ya dakika 21 iliyotoka mwaka 2009, mwaka mmoja kabla ya katiba hiyo. Asha anaishi Afrika Mashariki baada ya vita vya maji, ndani ya jumuiya iliyofungiwa ambako jasho na mkojo husafishwa vinywewe tena. Anapata udongo usio na sumu, anaomba ruhusa ya kutoka, ananyimwa, anatoroka na mche wake jangwani. Hakuna mwanamume anayemwongoza. Mwishoni anaumwagilia maji yake ya mwisho na kuufunika kwa mwili wake, na hapo nami nasita, kwa kuwa mwanamke amekuwa tena mbolea ya nchi. Lakini safari ilikuwa yake na uamuzi ulikuwa wake, na alitoka nyumbani akiwa mtaalamu wa makumbusho, mwenye kazi na ujuzi kabla ya kuwa mama wa chochote. Kwa kipimo hicho, dakika 21 za Kahiu zimefika mbali kuliko saa moja na nusu na zaidi ya Cuarón. Zitazame zote mbili, Pumzi kwanza. Ukifika kwenye ya Cuarón, hesabu ni mara ngapi Kee anaulizwa anataka nini, kisha angalia kila anayemuuliza anatafuta nini.