Harusi Tunachanga, Uji wa Watoto Je?

Leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za wivu na simu za usiku, tuongee kitu ambacho nusura kinivunjie amani ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Hebu niambie, mwaka jana ulichangia kadi ngapi za harusi? Mimi niliacha kuhesabu zilipofika kumi na moja. Kuna single, kuna double, kuna kicheni pati, kuna sare. Kikao cha kwanza mko kumi, cha nne mmefika arobaini, mweka hazina anasoma ahadi moja moja, na ambaye hajalipa anakumbushwa mpaka aone haya. Miezi mitatu tu, mamilioni yamepatikana! Shika hiyo picha kichwani, tutairudia.

Januari ya mwaka juzi nilikwenda kumsalimia mama kijijini, upande wa Kishapu, mkoani Shinyanga. Wanaotoka kule wanaijua Januari. Mtama na mahindi shambani bado machanga, ghalani kumebaki vumbi, na debe la mahindi sokoni halishikiki. Ndiyo miezi ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikakaushwa juani. Mvua ikigoma, hata michembe yenyewe inaliwa kwa kuhesabu.

Nikapita shule ya msingi ya pale saa nne, muda wa mapumziko. Watoto wamekaa chini ya mti, kimya. Wewe umewahi kuona watoto wa darasa la pili wakiwa kimya wakati wa mapumziko? Mwalimu akaniambia tangu shule ifunguliwe sufuria la uji halijainjikwa. Elimu bila ada ilianza 2016, lakini chakula kwenye shule za kutwa kimebaki kuwa mchango wa wazazi, na mzazi ambaye hana cha kupika kwake atachangia nini?

Nikarudi Dar moto kabisa. Nikafungua grupu la WhatsApp, nikapiga mizinga kila kona, na mimi mwenyewe, ili niwe mfano, nikatoa laki tatu. Baada ya wiki mbili tulikuwa tumerudi kijijini na sembe, maharage, fulana zenye jina la kikundi, na mpiga picha. Watu wakapanga foleni. Nikawa nakabidhi mfuko huku natabasamu kwenye kamera. Kwa ufupi, niliuza sura.

Jioni mama akaniuliza, "Mwanangu, bibi jirani umemwona kwenye foleni?"

"Hapana, mama."

"Hakuja. Na ndani kwake hakuna kitu. Amesema yeye hawezi kupigwa picha na njaa yake."

Nililala na neno hilo. Kumbe chakula tulichopeleka kilikuwa na bei yake, na aliyekihitaji kuliko wote akaona hawezi kuilipa.

Kasheshe lenyewe lilinisubiri nyumbani. Zile laki tatu zilikuwa za ada ya mtoto, na baba watoto alikuwa hajui.

"Laki tatu, mke wangu? Bila hata kuniuliza?"

Badala ya kuomba radhi nikajibu mashambulizi. "Kwani wewe huna huruma na watoto wenye njaa?"

Akanyamaza. Kaka zangu mtanielewa, kuna kunyamaza kwa hasira na kuna kunyamaza kwa mtu aliyeguswa kidonda. Baadaye sana, taa zimeshazimwa, akaanza kuongea.

Mume wangu ni mtoto wa Geita, jirani na machimbo ya Nyarugusu. Miaka ya tisini, Geita ikiwa bado ndani ya mkoa wa Mwanza, baba yake aliacha jembe akaenda duarani kutafuta dhahabu. Kwenye maduara mara nyingi mwenye shimo ndiye anayewalisha wachimbaji, na malipo yenyewe ni mgawo wa mawe yakipatikana. Kwa hiyo baba anakula kule. Nyumbani shamba halikulimwa, fedha hazijaja, na mama ana watoto watano.

"Kuna mama jirani alikuwa anakuja usiku," akaniambia. "Kikapu kimefunikwa khanga. Michembe, siku nyingine mtama. Anamwambia mama, nimekuja kurudisha vile nilivyoazima. Mama hakuwahi kumwazima kitu. Mimi nilijua, mama alijua, na yule mama alijua. Lakini asubuhi tulitoka nje kama watoto wa watu wengine."

Miaka minane ya ndoa, na hilo nilikuwa sijawahi kulisikia. Nililia, sikufichi.

Geita ilikuja kuwa mkoa 2012, na dhahabu yake inajulikana duniani. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba watoto kama 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na Geita iko juu ya wastani huo. Kwa hiyo usidhani palipo na pesa sahani zote zimejaa.

Safari ya pili tulikwenda wawili, bila fulana wala kamera. Tukaanzia kwa mtendaji wa kijiji, tukaenda kwa kamati ya shule, ukaitishwa mkutano wa wazazi. Wazee wakatukumbusha kitu ambacho Wasukuma wanakijua zamani. Ukienda kulima kwa mwenzako, ngoma ya bugobogobo inapigwa, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na hakuna anayeulizwa kama ni tajiri au maskini. Kila aliyekuja ana jembe.

Basi ikapangwa hivyo. Mwenye mavuno atoe mahindi, asiye nayo alete kuni, au achote maji, au apike kwa zamu. Kila nyumba inatoa kitu, kwa hiyo hakuna mtoto wa kusaidiwa. Sisi wa mjini tukaziba pengo: tukanunua mahindi ya nyongeza baada ya mavuno, bei ikiwa chini, badala ya kusubiri Januari. Tukayahifadhi kwenye ile mifuko ya kinga njaa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani, ambamo wadudu hufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Na tukalipia mashine ya kusaga.

Fedha tulizipataje? Kwa kamati ya harusi! Ahadi, mweka hazina, tarehe ya mwisho, na mrejesho wa matumizi kila mwezi. Shilingi elfu kumi kwa mwezi, basi. Na usidharau kidogo. Julai 2011, ukame ulipowakaba wenzetu wa kaskazini mwa Kenya, Safaricom, benki ya KCB, vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu wa Kenya walianzisha Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 za Kenya kwa mwezi mmoja. Watu wakatuma kwa M-Pesa, wengine shilingi kumi tu, na lengo likapitwa.

Januari mwaka jana sufuria lilikuwa jikoni. Sitakudanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Machi tulipungukiwa, uji ukasimama wiki mbili, na ikabidi tutangaze kwenye grupu kwamba hesabu zetu zilikuwa fupi. Lakini yule bibi jirani wa mama sasa ana siku yake. Anakuja kuchambua mahindi, anakunywa kikombe chake cha uji pamoja na wapishi wenzake, anarudi kwake. Hakuna aliyempa msaada. Amefanya kazi yake.

Sasa wewe na mwenzako, kama moyo umewagusa, naomba mzingatie haya:

1. Kubalianeni kwanza. Wekeni fungu la wengine kwenye bajeti ya nyumba, hata kama ni elfu tano. Sadaka inayotolewa kwa siri ya mwenza inaleta ugomvi.

2. Ulizeni kabla ya kupeleka. Mtendaji, kamati ya shule na akina mama wa pale wanajua nani hana na kinachokosekana ni nini.

3. Nunueni wakati wa mavuno. Fedha ileile inapata debe nyingi zaidi.

4. Toeni hesabu, hata ya shilingi mia. Grupu linakufa siku watu wanapoanza kunong'ona.

5. Kamera iacheni nyumbani. Piga picha ya magunia na risiti, inatosha.

Ile ada? Tuliilipa kwa awamu, na mimi nilikaa miezi minne bila kugusa saluni. Nilistahili!

Siku hizi ikija kadi ya harusi, baba watoto ananiuliza, "Single au double?" Tunachukua single, na tofauti inakwenda kwenye uji. Maharusi hawajawahi kulalamika.

Nikuulize swali la kwenda nalo nyumbani: mwenzako aliwahi kulala njaa utotoni? Usikisie. Muulize leo, taa zikishazimwa, halafu msikilize mpaka mwisho. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.