Kinu Chetu Kisitupwe

Wenzangu wa chama cha ufundi wataka kinu chetu kidogo cha pipa kitupwe, ati mota ni dhaifu. Mimi, mzaliwa wa Songo Mnara, sikubali. Twasaga vigae vya kuchanganya na chokaa (vya vyungu vya nyumbani, maana vya magofu haviguswi, ni urithi wa dunia tangu 1981). Juzi nilitega sikio: pipa lazunguka kimya! Kumbe kwa kasi ile gololi zimeganda ukutani, hazianguki wala hazipondi. Pipa la upana wa sentimita 10 latosheka na mizunguko 85 hivi kwa dakika. Tena tulilijaza mno. Gololi zifike nusu, vigae vijaze nafasi baina yake tu. Nilipoweka kapi dogo kwenye mota, nilisikia mlio kama mvua juu ya bati, na asubuhi tukapata unga. Wanaotaka kukitupa waje Jumamosi wasikilize.