RAV4 au X-Trail? Kwanza niambie ya mwaka gani

Na Salma Kitwana

Mtu akishapitishiwa mkopo na Saccos ya kazini kwake, swali linalonifikia huwa lilelile: "Da Salma, nichukue RAV4 au X-Trail?" Mara nyingi anayeuliza jibu analo tayari. Shemeji yake kamwambia Nissan ni majanga, fundi wake kamwambia Toyota haifi, na kwangu amefuata muhuri tu. Muhuri siutoi. Namrudishia swali: RAV4 ya mwaka gani, na X-Trail ipi?

Sikwepi. RAV4 ilianza kuuzwa mwaka 1994 na X-Trail mwaka 2000, na kila moja imeshabadilika mara kadhaa kiasi kwamba kilichobaki ni jina. Halafu kuna jambo ambalo madalali wetu hawalisemi, na huenda hawalijui. Japani, tunakotoa sehemu kubwa ya magari yetu ya mtumba, RAV4 iliwahi kutoweka madukani. Kizazi cha tatu, kilichotoka mwishoni mwa 2005, kiliuzwa kule mpaka 2016. Kizazi cha nne, ambacho Ulaya na Marekani walikipata kuanzia 2013, Toyota haikukiuza Japani. RAV4 ilirudi huko Aprili 2019 ikiwa tayari ni kizazi cha tano. Muda wote huo Nissan walikuwa wanauza X-Trail ya T32, iliyotoka Desemba 2013, bila kupumzika.

Matokeo yake tunayaona hapa Dar es Salaam. Ukitafuta X-Trail ya 2015, 2016 au 2017 kutoka Japani, utachagua mpaka rangi. Ukitafuta RAV4 ya miaka hiyohiyo, utaangukia kwenye mabaki machache ya umbo la 2005, au utaenda kuchukua iliyotumika Uingereza, na hapo ujiandae na habari za dizeli na kutu ya chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi. Kwa hiyo anayesema analinganisha RAV4 na X-Trail, mara nyingi analinganisha gari la 2007 na gari la 2016, na hajui kwamba anafanya hivyo.

TRA wanajua. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 kwa yote mawili. Baada ya hapo njia zinaachana. Injini ya zaidi ya cc 1,000 isiyozidi cc 2,000 hulipiwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, na ikivuka hapo ni asilimia 10. X-Trail ya petroli ya lita mbili ina cc 1,997. RAV4 ya kizazi cha tatu ya Japani ina cc 2,362. Kisha unakuja ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi miaka 10. VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya hayo yote, pamoja na tozo nyingine ndogondogo. Na usidhani risiti ya bei chee uliyopewa na muuzaji wa Japani itakuokoa, kwa sababu TRA wana kikokotoo chao chenye thamani zao. RAV4 ya 2008 inaonekana ya bei poa ikiwa bandarini Yokohama. Ikifika Kurasini ni hadithi nyingine. Wenzetu wa Kenya wameondolewa jaribu hili kwa sheria: gari lililozidi miaka 8 haliingizwi nchini.

Haya, tuseme huagizi. Unachukua la mkononi, namba D, ushuru alishalipa mwingine, na chaguo lako ni kati ya RAV4 ya kizazi cha tatu, ACA31, na X-Trail ya NT31, ile iliyoanza 2007. Hapa ndipo sifa za Toyota zinapoanza kuwa na maana, lakini kwa sababu tofauti na ile anayoitaja shemeji. Injini ya RAV4 hiyo, 2AZ-FE, ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye Harrier tako la nyani ya 2.4, Alphard, Ipsum, Kluger, Vanguard na Estima. Fundi wa Tandika ameifungua mpaka anaiota. Gerezani utapata spea yake mpya, ya mchina na iliyong'olewa kwenye gari lingine, zote mtaa mmoja, na ushindani huo ndio unaoshusha bei. Injini ya X-Trail, MR20DE, nayo si yatima, maana imo kwenye Dualis na Serena, ila utazunguka zaidi na mafundi wanaoijua vizuri ni wachache.

Lakini 2AZ ina ugonjwa wake. Baadhi zinakula oili. Ringi za pistoni zinaganda kwa masizi, oili inapita inaungua, na mwenye gari hajui mpaka injini ianze kugonga. Marekani, malalamiko yalipozidi, Toyota ilianzisha mpango wa kubadilisha pistoni na ringi kwa magari kadhaa yenye injini hiyo, zikiwemo baadhi ya RAV4 za 2006 hadi 2008. Kwa hiyo usikague gari ambalo muuzaji ameshaliwasha na kulipasha moto kabla hujafika. Mwambie aliache limepoa usiku kucha. Chomoa kijiti cha oili kwanza, halafu liwashwe wewe ukiwa umesimama nyuma, unatazama rangi ya moshi.

X-Trail inaogopwa kwa sababu ya giaboksi la CVT, na woga huo una msingi. Giaboksi la NT31 lilitengenezwa na Jatco, na la aina hiyo lilifungwa pia kwenye Nissan Rogue ya Marekani. Kule Nissan ililazimika kurefusha dhamana ya CVT mpaka miaka 10 au maili 120,000 kwa magari ya 2003 hadi 2010, Rogue ikiwemo. Oili yake ikichemka sana, mfumo unapunguza nguvu makusudi ili giaboksi lisiungue. Umejaza familia na magunia ya vitunguu, unapanda Kitonga, mara gari linagoma kukimbia na malori yanakupigia honi nyuma. Dereva anadhani injini imekufa.

Sasa kinachonichekesha ni hiki: anayeikimbia X-Trail kwa sababu ya CVT huwa anakimbilia RAV4 ambayo nayo ni CVT. Ile ya 2.4 iliyouzwa Japani ina CVT. Yenye gia nne za oto za kawaida utaikuta Marekani, usukani kushoto. La Toyota lina sifa ya kuvumilia zaidi, nakubali, lakini yote mawili yanauawa na mtu mmoja, yule fundi anayemimina oili ya gia ya kawaida kwa sababu "zote ni nyekundu tu". Nissan hilo linataka NS-2, Toyota linataka TC. Muuzaji asiyeweza kukuambia oili ya giaboksi ilibadilishwa lini na ni ya aina gani, punguza bei yake kwa thamani ya giaboksi zima.

Soma pia kibati cha chasi. ACA31 inavuta magurudumu manne, ACA36 mawili. NT32 manne, T32 mawili. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na nimeona watu wa Goba na Msumi wakilipia gari la mvua ambalo tope likija linazungusha matairi ya mbele tu.

Kuhusu nafasi sina maneno mengi: X-Trail inashinda. Mlango wa nyuma wa RAV4 ile unafunguka kwa pembeni, ukibanwa kwenye maegesho ya Kariakoo mizigo utaipitishia kwenye siti. X-Trail ya Japani ina sakafu ya mizigo inayooshwa kwa maji, na ukibeba dagaa utanielewa.

Watu watasema RAV4 ina soko. Ni kweli, itauzika haraka na kwa bei nzuri. Ila soko hilo umelilipia wewe siku ya kununua, kwa mamilioni ya ziada ambayo hayakuongeza hata skrubu moja kwenye gari. Kama unabadilisha gari kila baada ya miaka miwili, ni biashara nzuri. Lakini Watanzania wengi ninaowajua wanakaa na gari mpaka watoto wamalize shule, halafu wanamwachia mdogo wao. Mtu wa namna hiyo anamnunulia gari mnunuzi ambaye hatakuja.

Mwenye uwezo wa RAV4 ya 2019 kuendelea, MXAA54 ya cc 1,986, achukue. Sina la kubishana naye. Mwenye bajeti ya chini ya hapo, mimi ningechukua NT32 ya petroli iliyo ndani ya miaka 10, nikitaka karatasi ya mnada isiyo na alama ya R (gari lililotengenezwa baada ya kugongwa), na nikitenga fedha za oili ya giaboksi kabla ya fedha za redio na rimu. Siti za safu ya tatu zikiwepo, ni za watoto. Zenye HT32 au HNT32 kwenye kibati ni haibridi, zina mota moja na klachi mbili ndani ya mfumo wa gia. Ukiletewa kwa bei ya kushangaza, muulize fundi wako kama amewahi kuufungua. Akianza kujikuna kichwa, pita.