Memwari za chuo zirudi kwa wale waliosimulia

Kila mwaka, wakati wa kumaliza masomo unapokaribia, vijana wa chuo kikuu wanapanda pikipiki mjini na kuja hadi kwetu, kwenye barabara ya uwanja wa ndege wa Bangboka. Daftari liko mkononi, simu ya kurekodi iko mfukoni. Wanawauliza wazee habari za koo, za mipaka ya mashamba, za vita na za kuhama. Wanaandika, wanashukuru, wanarudi mjini. Baadaye inafika siku ya kutetea kazi mbele ya maprofesa. Kuna picha, kuna maua, na memwari inawekwa kwenye rafu. Mzee aliyesimulia haioni, na mama aliyekimbia vita akaeleza namna alivyomzika mtoto wake njiani haioni pia.

Wapendwa wasikilizaji na wasomaji, sisemi kwamba vijana hawa waache kuja. Nasema kinyume. Kazi yao ya kutafuta na kuandika historia yetu, hadithi zetu na desturi zetu ina faida kubwa kuliko tunavyofikiri, na zaidi kwa familia zilizokimbia. Lakini kazi hiyo ina deni, na deni hilo halilipwi na diploma.

Tuanze na faida. Wanaboyoma wote wanajua Vita vya Siku Sita. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana katikati ya mji wetu, ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Mabomu zaidi ya elfu sita yalianguka juu ya nyumba, shule na makanisa. Watu walizikwa uani kwa sababu hakukuwa na njia ya kufika makaburini.

Tarehe 19 Desemba 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko La Haye, ilisema kwamba Uganda ina kosa kwa yale iliyoyafanya katika nchi yetu na inapaswa kulipa. Ikabaki kujua ni kiasi gani. Kongo iliomba dola zaidi ya bilioni 11. Hukumu ilipotoka tarehe 9 Februari 2022, Mahakama iliamua dola milioni 325 kwa jumla: milioni 225 kwa madhara waliyopata watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa utajiri wa asili.

Kwa nini tofauti ni kubwa hivyo? Sababu ni zaidi ya moja, lakini kuna moja inayotuhusu sisi moja kwa moja. Majaji walikuta kwamba ushahidi ulioletwa ulikuwa na upungufu. Idadi zilitajwa, lakini mara nyingi hakukuwa na karatasi za kuthibitisha nani alikufa, wapi, siku gani, na kwa mkono wa nani. Fomu za wahanga zilikuwepo, lakini nyingi hazikuwa na hati za kuzisimamia. Mwishoni Mahakama ilikadiria tu kwamba waliokufa, kwa nchi nzima, walikuwa kati ya watu 10,000 na 15,000.

Kati ya hukumu ya kwanza na ya pili ilipita miaka 16 na zaidi. Katika miaka hiyo, mashahidi wengi walikuwa bado hai. Sisemi kwamba memwari ya mwanafunzi mmoja ingebadilisha uamuzi wa La Haye. Cheti cha kifo ni kazi ya serikali, si ya mwanafunzi. Lakini fikirini kama kila mwaka vijana ishirini wa historia wangepewa kila mmoja avenyu tano za Makiso, Tshopo au Mangobo, nyumba kwa nyumba, jina kwa jina. Tungekuwa na kitabu cha mji. Leo mfuko wa kulipa wahanga, FRIVAO, una makao yake hapahapa Kisangani, na kila familia inayotafuta haki yake inajua kwamba kilio peke yake hakitoshi. Kinachotazamwa kwanza ni karatasi.

Sasa tuone upande wa pili: nani ametuandika mpaka leo, na kwa lugha gani?

Kiswahili chetu kilifika hapa na misafara ya watu wa pwani na Wangwana wao, katika karne ya 19. Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu chake kinasomwa hadi sasa. Lakini hiyo ni sauti ya mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa. Sauti za wale waliofungwa na kuchukuliwa, za Wagenya, za Wakumu, za Walokele, zilibaki midomoni mwa wazee.

Baadaye walikuja watafiti. Nancy Rose Hunt, mwanafunzi wa udaktari kutoka Marekani, alikuja hadi Yakusu, kwenye misheni ya zamani ya Wabatisti, chini kidogo ya mji wetu kwa njia ya mto. Alizungumza na wamama na wazee juu ya uzazi, hospitali na wauguzi wa wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1999 kazi yake ilikuwa kitabu kikubwa kinachosomwa katika vyuo vya dunia. Ni kazi ya heshima. Lakini iliandikwa kwa Kiingereza, na sehemu kubwa ya hati za misheni ya Yakusu imetunzwa Oxford, Uingereza. Mjukuu wa mkunga wa Yakusu anayetaka kujua bibi yake alifanya nini anahitaji pasipoti na lugha ya kigeni.

Wakongomani wenyewe nao wamefanya kazi. Profesa Osumaka Likaka aliandika kitabu, kilichotoka mwaka 2009, juu ya majina ambayo wanavijiji wa Kongo waliwapa wakubwa wa kikoloni. Jina kama Bula Matari, mvunja mawe, ambalo lilianza kwa Stanley likaishia kuwa jina la serikali nzima, si mchezo wa maneno. Ni hukumu iliyotolewa na watu wasiokuwa na mahakama. Na hukumu za namna hiyo huhifadhiwa na wazee wa vijijini, hazimo katika faili za serikali.

Tukumbuke pia jambo moja la hapa nyumbani. Chuo chetu kilianza mwaka 1963. Mwaka 1971, vyuo vyote vya nchi vilipounganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, masomo ya lugha na fasihi yaliwekwa Lubumbashi. Kisangani ikabaki na ualimu, saikolojia na sayansi. Kijana wa Tshopo aliyependa kuchunguza hadithi za kwao ilimbidi aende mbali na wale wanaozisimulia. Ni mwaka 1981 tu ndipo chuo chetu kilipokuwa tena chuo chenye kujitegemea. Mti uliong'olewa haushiki mizizi kwa siku moja.

Hata hivyo, ni hapahapa Kisangani, katika miaka hiyo ya 1970, Profesa Benoît Verhaegen alipofundisha wazo ambalo leo tunalihitaji sana. Aliliita historia ya papo hapo. Kwa maneno mepesi: usisubiri watu wafe ndipo uandike historia yao. Iandike wakiwa hai, pamoja nao. Yule anayesimulia si kisima cha kuchota maji na kuondoka. Ni mwenzako katika kazi, ana haki ya kusikia ulichoandika na kusema, "Hapa umekosea."

Na wasiokuwa na diploma wanaweza pia. Mwaka 1965, huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji wao kwa niaba ya chama cha waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani. Aliiandika kwa Kiswahili cha Kongo, kile tunachozungumza sokoni. Kwa miaka mingi hakuna aliyeitilia maanani, mpaka mwaka 1990 Profesa Johannes Fabian alipoichapisha. Leo wataalamu wanaisoma kama hati ya thamani. Boi wa jikoni alikuwa mwanahistoria kabla chuo hakijamtambua.

Nayasema haya kwa sababu ya ndugu zetu waliokimbia. Tangu mwaka 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umewatoa watu kwenye nyumba zao upande wa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Nyumba zimeungua, mashamba yameachwa, watoto wamekua nje ya vijiji vyao. Ukiwauliza wazee, kila upande una historia yake: nani alifika kwanza, nani alimpa nani sehemu ya kulima, sefu gani aliweka alama gani. Historia hizo hazijaandikwa vizuri, na kwa sababu hazijaandikwa, mwenye sauti kubwa au mwenye panga ndiye anayekuwa mwalimu wa historia.

Hapo ndipo mwanafunzi wa historia au wa utamaduni ana kazi kubwa. Asikie pande zote mbili. Aandike majina ya vijito, ya miti mikubwa, ya vijiji vilivyohama. Aandike pia ndoa kati ya Wambole na Walengola, kwa sababu zipo, na kwa sababu zinaonyesha kwamba watu hawa waliwahi kula sahani moja.

Najua majibu. Mwanafunzi atasema: sina pesa, hata fotokopi zinanishinda. Ni kweli. Profesa atasema: memwari ni ya Kifaransa, ina masharti yake. Ni kweli pia. Wengine watasema jambo zito zaidi: kuandika majina katika mgogoro kunaweza kuamsha kisasi. Hilo tulisikilize sana. Orodha ya waliokufa ni kitu kimoja, na orodha ya wanaoshutumiwa ni kitu kingine. Ya kwanza ni heshima kwa wafu. Ya pili ni kazi ya majaji, isipite katika mikono ya mwanafunzi asiyekuwa na ulinzi. Na mama asiyetaka jina lake lionekane, lifichwe, bila kumuuliza mara mbili.

Lakini ukosefu wa pesa hauzuii ukurasa mmoja. Ninachoomba ni kidogo. Kila memwari iliyofanywa kwa maneno ya watu wa hapa iwe na kurasa mbili au tatu za muhtasari kwa Kiswahili au Lingala. Mwenye memwari aje azisome mbele ya waliosimulia, chini ya mti, au kwenye redio kwa dakika ishirini. Wazee wamsahihishe kabla hajatetea, si baadaye. Nakala moja ibaki kwa sefu, parokiani au kwa mkurugenzi wa shule. Maprofesa wakiuliza siku ya kutetea, "Je, umewarudishia?", vijana watarudisha.

Nanyi familia zilizokimbia, msingoje chuo. Kijana anapokuja na daftari, mna haki ya kumuuliza: unaitwa nani, unasoma wapi, maneno yangu yatakwenda wapi, nitayaona lini? Asiyeweza kujibu, mpeni maji ya kunywa na kumuaga kwa heshima. Tena, kila nyumba inunue daftari moja la shule. Mwana anayejua kuandika akae na bibi au babu, aandike: kijiji chetu kiliitwa hivi, shamba letu lilipakana na mto huu na fulani huyu, tuliondoka tarehe hii, waliofia njiani ni hawa. Wekeni daftari hilo pamoja na kadi ya mpiga kura na vyeti vya ubatizo, mahali ambapo mvua haifiki.

Kisangani ilikwisha kujifunza katika La Haye kwamba machozi bila karatasi yanahesabiwa kwa makadirio. Tusiwaache wa Lubunga wajifunze somo hilo tena, baada ya miaka ishirini, wakati wazee waliokuwa wakijua mipaka na majina watakuwa wameshazikwa.