Mwacheni Wesley, Wakamateni Waandishi

Jamani, mtoto huyu mmemtukana vya kutosha. Hadi leo ukimtaja Wesley Crusher mbele ya mashabiki wa Star Trek: The Next Generation, utaona midomo inabetuliwa. Eti mjuaji. Eti kiherehere. Sawa, mjuaji alikuwa. Lakini nani aliyemjaza ujuaji huo? Mhusika hajiandiki, bwana.

Mwasisi wa mfululizo ule, Gene Roddenberry, jina lake la kati lilikuwa Wesley. Umenipata? Mzee alimpa kijana jina lake mwenyewe, akampa na akili za ajabu, kisha akampandisha chombo cha anga kilichojaa maofisa waliosomea kazi yao. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 1987. Oktoba tu, katika "The Naked Now", ugonjwa wa kulewesha unawakumba watu chomboni, kipande cha nyota kinawajia kasi, na nani anayebuni njia ya kuwapatia wenzake muda wa kujiokoa? Yule yule mvulana, naye akiwa chakari!

Mwezi huo huo anatokea msafiri wa ajabu, anamwambia Kapteni Picard faraghani kwamba kijana huyu ni kama Mozart. Hapo ndipo ninapokasirika. Mozart alikuwa na baba, Leopold, mwanamuziki, aliyemfundisha tangu utotoni na kumzungusha Ulaya kupiga muziki tangu mwaka 1763, mtoto ana miaka 7. Waandishi walichukua jina wakaacha jasho. Wesley anatazama mtambo, anaelewa, basi. Hatumwoni akikesha wala akirudia jambo mara ya ishirini.

Halafu kuna "Datalore" ya Januari 1988. Lore, ndugu mwovu wa Data, anajifanya ndiye Data. Wesley anamshtukia, anasema. Kapteni anamwambia afunge mdomo, mama yake naye vilevile. Kumbe chombo kizima hakuna mtu mzima mwenye macho! Mwandishi akitaka mmoja aonekane mrefu, anawakata wengine miguu.

Wapo wanaodai kwamba watazamaji walimwonea wivu kwa sababu ya akili zake. Uongo. Data anamzidi akili, na watu wanampenda. Data anakitamani kitu asichokipata, yaani kuwa binadamu. Wesley wa mwanzo hakosi kitu, na baba aliyekufa akiwa chini ya amri ya Picard anatajwa tu kisha tunaambiwa tusonge mbele.

Aliyelipia makosa hayo ni Wil Wheaton, kijana wa miaka 15 wakati mfululizo unaanza. Alisema maneno aliyoandikiwa na watu wazima, chuki ikamfuata yeye hata baada ya kuacha kuwa mwigizaji wa kudumu mwaka 1990. Nani aliwazomea waandishi?

Na ninyi vijana wenzangu mnaoandika, msicheke sana. Mashujaa wenu nimewasoma. Huyu wa kwanza darasani, huyu mshairi anayewanyamazisha wazee kikaoni, na wote, ajabu, wanafanana na mwenye mswada. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa mtihani.

Wesley alishindwa. Katika "Coming of Age" ya Machi 1988, vijana wanne wanagombea nafasi moja ya kuingia Chuo cha Starfleet. Anawekwa mbele ya watu wawili walio hatarini, muda unatosha kumwokoa mmoja. Anachagua, mkono unamtetemeka, na nafasi inakwenda kwa Mordock, ambaye yeye mwenyewe alimsaidia kwenye mtihani. Kwa mara ya kwanza nilitaka kujua kesho yake itakuwaje.

Ikaja "The First Duty" mwaka 1992, kazi ya Ronald D. Moore na Naren Shankar. Makadeti watano wanajaribu mchezo wa angani uliopigwa marufuku, mmoja anakufa. Kiongozi wao anamtupia lawama marehemu, na Wesley, yule mtoto wa kujua kila kitu, anadanganya mbele ya baba wa aliyekufa. Picard anaing'amua siri, anambana. Wesley anasema kweli, lakini amechelewa. Kiongozi anafukuzwa, Wesley anafutiwa mwaka mzima, na atapita kwenye korido za chuo kila siku huku kila anayepishana naye akijua alichofanya. Huyo ningemfuata hata misimu kumi.